Chenja ya santuri: sindano inarudia maneno mwishoni mwa LP, kosa ni la mkono au la mashine ya kubadilishia?

Mawe_Matatu (Kirumba, Mwanza)

Wakuu, habari za majukumu.

Nina chenja ya santuri ya Kiingereza, ya miaka ya 60, zile unazopanga santuri sita kwenye mhimili mrefu zinadondoka moja moja. Nembo ilishang'oka, kwa hiyo jina sina. Mota ni ya 240 V, 50 Hz, inazungusha sahani kwa gurudumu la mpira. Katriji (kile kidude kinachoshika sindano na kutoa sauti) ni ya kauri, sindano ya kugeuza, upande mmoja LP (santuri kubwa za mizunguko 33 kwa dakika) na mwingine 78 (zile za zamani za mizunguko 78). Mkono hauna uzito wa nyuma, una springi tu chini yake na skrubu ya kukaza.

LP inaanza vizuri, nyimbo tatu nne za mwanzo hazina shida. Ikifika wimbo wa mwisho inaanza "tak" ndogo, moja kwa kila mzunguko wa sahani, halafu sindano inarudi nyuma mfuo mmoja (ule mchirizi inamotembea) na kurudia maneno yale yale. Nikiusukuma mkono kidogo kwa kidole inaendelea. Muziki ukiisha, mara mkono unanyanyuka wenyewe, mara unabaki unazunguka hapo hapo. Santuri ni nzima, upande huo huo kwenye mashine nyingine unapiga mpaka mwisho.

La pili: nikipanga LP tano au sita, kuanzia ya nne herufi "s" zinakwaruza na gitaa linayumba kama limelewa.

Ushauri nilioupata mpaka sasa ni wa aina mbili. Kubandika sarafu kichwani mwa mkono, au kung'oa mashine yote ya kubadilishia nibaki naweka mkono kwa kidole. Naomba kueleweshwa, hiyo mashine inaugusaje mkono wakati muziki unaendelea? Na nikifunga katriji ya sumaku, ile inayotaka sindano ilalie kwa gramu 2 tu, itaweza?

---

Gololi_Saba

Mkuu, sarafu iache mfukoni. Na using'oe kitu bado.

Angalia sindano inaruka kuelekea wapi. Ikiruka mbele, kuelekea lebo, unashuku uzito mdogo, sindano iliyolika, au mashine iliyolalia upande. Ikirudi nyuma, kuelekea ukingoni, maana yake kuna kitu kinauzuia mkono usiingie ndani au kinausukuma utoke. Yako inarudi nyuma, tena mwishoni tu, tena na "tak" moja kwa mzunguko. Hizo dalili tatu zikikutana, mtuhumiwa ni mmoja: kifyatuo.

Kifyatuo ndicho kinachoiambia mashine kwamba santuri imeisha. Toa sahani utaona giya kubwa ya mduara yenye pengo, sehemu isiyo na meno. Wakati wa muziki pengo hilo linatazamana na giya ndogo iliyo kwenye kitovu cha sahani, kwa hiyo sahani inazunguka bure na giya kubwa imesimama. Juu ya giya kubwa kuna vidole viwili vya bati vilivyoshikana kwa pini moja. Cha chini kinasukumwa na fimbo inayotoka kwenye shina la mkono. Cha juu kinafuata kwa sababu ya msuguano mdogo tu kati yao, hakuna kingine kinachowaunganisha. Na kwenye kitovu cha sahani kuna jino moja linalojitokeza.

Sasa fuata hesabu. Upande wa LP wa dakika 22 ni mizunguko kama 733. Ukigawa upana wa eneo la muziki, ambao ni milimita 86 hivi, mkono unaingia ndani kama milimita 0.12 kwa kila mzunguko. Kidole cha juu nacho kinasogea kidogo hivyo hivyo kuelekea kitovu, jino likipita linakipangusa na kukirudisha nyuma. Kinasogea tena, kinapanguswa tena, mpaka muziki uishe. Sindano ikiingia kwenye mfuo wa kutokea, ule usio na muziki unaoelekea kwenye lebo, mkono unaruka milimita kadhaa kwa mzunguko mmoja. Hapo kidole kinaingia ndani sana kabla jino halijafika, na jino badala ya kukipangusa linakikamata uso kwa uso. Giya kubwa inasukumwa, meno yanashikana, mkono unanyanyuka na santuri inayofuata inadondoka. Kwa hiyo mashine haijui sindano iko wapi. Inachopima ni kasi ya mkono kuingia.

Ubovu unaingilia pale kwenye pini. Kiwandani paliwekwa grisi nyembamba sana au hapakuwekwa kitu. Miaka 50 na kitu baadaye ile grisi imekuwa kama gundi ya kiatu, vidole viwili vimekuwa kimoja. Jino likipangusa kidole cha juu, cha chini kinarudi nacho, fimbo inarudi, mkono unasukumwa nje. Hiyo ndiyo "tak" yako, na ndiyo maana sindano inarudi mfuo mmoja. Inatokea mwishoni kwa sababu fimbo haikigusi kidole mpaka sindano iwe imebakiza kama sentimita mbili tatu za muziki. Kabla ya hapo mkono uko huru kabisa.

Sarafu inafanya nini hapo? Inaikandamiza sindano ili ishinde nguvu ya gundi. Inashinda kweli, lakini anayelipa ni ukuta wa mfuo.

---

Mawe_Matatu

Nimekuelewa mkuu, asante. Nihakikisheje kabla sijafungua kila kitu?

---

Gololi_Saba

Zima, chomoa waya ukutani. Toa santuri, vuta mhimili mrefu (mwingi unazungushwa kidogo na kuchomoka). Katikati ya sahani kuna klipu ya chuma yenye umbo la C, itoe kwa bisibisi bapa huku umeikinga kwa kidole, maana inaruka na hautaiona tena. Nyanyua sahani wima kwa mikono miwili. Chini yake kuna gololi kwenye kikapu kati ya wosha mbili. Piga picha mpangilio kabla ya kugusa, ukigeuza wosha sahani itakwaruza.

Sasa ulete mkono taratibu mpaka karibu na mhimili, utaona kidole cha juu kimesogea. Chukua njiti ya kiberiti, ukisukume kirudi nyuma, kama jino linavyofanya. Mkono ukitulia na kidole kikaenda peke yake, kifyatuo ni kizima. Mkono ukitikisika hata kidogo, umepata ugonjwa.

Kusafisha: toa klipu ndogo ya pini, tenganisha vidole, futa pini, matundu na nyuso zote mbili kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Spiriti nyingine za dukani zina mafuta ndani. Ijaribu kwanza, tone moja juu ya kioo, likikauka bila kuacha duara linalong'aa ni safi. Petroli inasafisha haraka lakini inaharibu plastiki, na baadhi ya mashine hizi zina kidole kimoja cha plastiki.

Rudisha vikavu. Nasisitiza hapa kwa sababu kila fundi mkono unamwasha atie mafuta. Ukitia mafuta ya cherehani pale utapata siku chache za raha, halafu vumbi linaingia na unarudi ulikotoka. Mabaya zaidi, msuguano ukipungua mno kidole cha juu kinashindwa kufuata, na mkono utabaki unazunguka kwenye mfuo wa mwisho usiku kucha.

Ukiwa ndani, futa na reli ya giya kubwa, ile njia iliyochongwa upande wa chini ambamo fimbo zinatembea. Pale panataka grisi, nyeupe ya lithiamu, filamu nyembamba ya kupakwa kwa kidole. Beringi ya mhimili wa sahani matone mawili ya mafuta ya cherehani, na mota tone moja kila ncha. Gurudumu la mpira na ukingo wa ndani wa sahani visikutane na mafuta kabisa, vifute kwa spiriti hiyo hiyo.

---

Senene45 (Bukoba)

Gololi kamaliza upande wa kifyatuo. Mimi niongezee kitu kinachosahaulika: waya za mkononi. Kutoka katriji mpaka chini ya mashine kuna waya nyembamba kama unywele, na zinapinda pale shina la mkono linapozunguka. Mashine nyingi za huku kwetu zimeshafunguliwa, na waya iliyokatika ikabadilishwa kwa ya earphone au, Mungu atusamehe, ya spika. Waya nene ni springi. Inauvuta mkono kurudi kwenye kiti chake, na unavyoingia ndani ndivyo inavyovuta zaidi, yaani dalili zile zile za kurudi nyuma mwishoni. Tofauti yake ni kwamba haitoi "tak".

Kupima ni rahisi. Fungua fimbo ya kifyatuo isiguse mkono, halafu piga wimbo wa mwisho. Ukipiga salama, kifyatuo ndicho. Ukiendelea kurudia, ni waya au beringi za mkono. Usisahau tu kuunyanyua mkono mwenyewe mwishoni, maana automatiki haipo.

Beringi za mkono kwa sisi wa kandokando ya ziwa ni za kuangaliwa. Zile za ncha na kikombe zikiingia kutu mkono unatembea kwa hatua hatua. Uache mkono uning'inie huru na uupulize kwa mdomo: unatakiwa usogee bila kusita na usimame bila kugota.

---

Lebo_Nyekundu

Wakuu kwa heshima zote mnampotezea mtu muda. Chenja ni mashine ya baa. Ng'oa kila kitu, acha mkono na sahani. Hakuna kifyatuo, hakuna tatizo.

---

Gololi_Saba

Lebo, ukishang'oa unabaki na mkono mfupi, mota inayotetemeka na katriji ya kauri ile ile. Umeondoa kitu pekee ambacho mashine hiyo inafanya vizuri. Halafu kwenye nyingi kati ya hizi, fimbo zile zile ndizo zinazonyanyua gurudumu la mpira swichi ikizimwa. Gurudumu likibaki limekandamizwa kwenye puli ya mota linapata kidonda, na kila mzunguko wake unasikia "dup".

Halafu kifyatuo chepesi hakimtesi mtu. Dual za Ujerumani kama 1219 ni chenja kamili, na zilitengenezwa kubeba katriji za sumaku za gramu moja na nusu.

---

Pima_Maji

Nijibu lile la santuri ya nne kwenda juu, maana hapo kuna mambo matatu tofauti yanachanganywa.

La kwanza ni pembe. LP moja pale kwenye lebo na ukingo ina unene wa milimita 2 hivi. Kutoka uso wa ya kwanza hadi uso wa ya sita ni milimita 10. Mkono wa chenja kutoka egemeo mpaka sindano ni kama milimita 200. Kwa hiyo kutoka santuri ya kwanza hadi ya sita kichwa cha mkono kinainuka kwa nyuzi 2.9 hivi. Waundaji walijua, ndiyo maana mikono mingi ya chenja imewekwa iwe mlalo kwenye santuri ya tatu. Ya kwanza mkono umeinama kidogo, ya sita umeinuka kidogo, kosa linagawanywa pande mbili. Kwa sindano ya mviringo na katriji ya kauri, nyuzi moja na nusu huku na huku hauzisikii. Dual 1219 ina swichi inayopandisha egemeo lote la mkono ukitaka kupiga mrundo, na kulishusha ukipiga santuri moja. Ni ufundi mzuri lakini sidhani kama ndio unaoumwa hapa. Kuna wanaouliza pia kama sindano inasogea mbele au nyuma mkono ukiinuka. Inasogea, sehemu ndogo ya milimita. Hilo sahau.

La pili, na hili ndilo lenye uzito, ni springi. Mkono usio na uzito wa nyuma ni mzito mbele, na springi ndiyo inayoubeba ili sindano ibaki na gramu chache. Springi inabeba zaidi ikiwa imevutwa. Mkono ukiinuka juu ya mrundo springi inalegea, inabeba kidogo, na mzigo unabaki kwa sindano. Ndiyo maana santuri ya juu inalaliwa kuliko ya chini. Mkono wenye uzito wa nyuma hauna shida hiyo kwa kiasi kikubwa, wala ule wa springi ya kujiviringa kama ya saa.

Mawe, Mwanza haukosi mizani. Wanunuzi wa dhahabu wana vile vidogo vya kidijitali vinavyosoma gramu 0.01, azima kimoja kwa dakika kumi. Sahani toa, kiweke mahali pake, pandisha au shusha kwa vipande vya kadibodi mpaka uso wake uwe sawa na usawa wa santuri ya kwanza. Juu ya mzani weka kifuniko cha plastiki cha chupa ya maji, kifanye kiwe sifuri, shusha sindano juu yake. Soma. Kisha pandisha mzani kwa milimita 10 na usome tena. Hiyo ndiyo santuri ya sita. Kifuniko kina faida nyingine ukija kupima katriji ya sumaku, maana sumaku inauvuta uso wa chuma wa mzani na kukupa namba ya uongo.

La tatu ni kuteleza. Gitaa kuyumba kwenye santuri ya juu mara nyingi si mota, ni santuri ya juu kuteleza juu ya mwenzake. Bandika kipande kidogo cha karatasi yenye gundi ukingoni mwa kila santuri, vyote vikiwa kwenye mstari mmoja. Piga upande mzima. Cha juu kikiwa kimeachwa nyuma, umepata jibu. Santuri zilizopinda kwa jua zinashikana sehemu ndogo tu, ndizo zinazoteleza kuliko zote, na sindano iliyolemewa gramu nyingi inaziburuza zaidi.

Na kabla ya yote, pima maji. Weka ile ya fundi uashi juu ya sahani, kushoto kulia na mbele nyuma.

---

Mawe_Matatu

Mrejesho. Njiti ya kiberiti imetoa hukumu: kidole kikisukumwa mkono ulikuwa unatikisika karibu milimita moja. Grisi ya pini ilikuwa kahawia, ngumu, inatoka kwa vipande kama sukari guru. Nimesafisha, nimerudisha vikavu. "Tak" imeisha, wimbo wa mwisho unapiga mpaka mwisho, na mkono umenyanyuka mara kumi kati ya kumi kwa LP.

Kwa santuri ndogo za 45 umenyanyuka mara saba. Tatu umebaki unazunguka.

Mzani: santuri ya kwanza gramu 5.6, ya sita gramu 8.3. Vipande vya karatasi: cha juu kimeachwa nyuma kama robo ya mzunguko kwa upande mmoja.

---

Pima_Maji

8.3 ni nyingi. Katriji za kauri za aina hiyo nyingi zinataka kati ya 4 na 6. Angalia pale springi inaposhika: kwa kawaida kuna kibati chenye matundu kadhaa au skrubu. Kaza mpaka santuri ya kwanza isome 4 kamili. Ya juu itashuka nayo, itakuja kwenye 6.7 hivi. Bado imezidi kidogo kule juu, na dawa ya hapo ni ya bure: usipange zaidi ya tatu. Kwa tatu utakuwa kama 5, na kuteleza kutapungua kwa wakati huo huo.

Ukiwa na LP mbili za albamu moja, angalia lebo. Baadhi zilichapwa kwa ajili ya chenja hasa: upande 1 na 4 ziko kwenye santuri moja, 2 na 3 kwenye nyingine, ili upige 1 na 2, ugeuze mrundo wote, upate 3 na 4. Si kosa la kiwanda kama wengi wanavyodhani.

---

Gololi_Saba

Kuhusu 45. Kwanza hakikisha ni zipi zinazogoma. Kama ni zile zile kila mara, tatizo ni santuri. Nyingi za Afrika Mashariki zina wimbo mmoja uliokatwa sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B. Wimbo umenyooshwa karibu na lebo na mfuo wa kutokea ukawa mfupi, hivyo mkono haupati nafasi ya kuruka vizuri.

Kama zinagoma bila mpangilio, msuguano wa vidole umepungua mno au spiriti imeacha mafuta. Kwa 45 jino linapita mara 45 kwa dakika badala ya 33, mkono una muda mfupi zaidi kati ya pigo na pigo. Fungua tena, futa kwa kitambaa kikavu tu. Ikishindikana, kipinde kidole cha juu kidogo mno, kiasi cha unene wa karatasi, kikilalie cha chini kwa wepesi. Kisha rudia njiti. Mkono ukitikisika, umezidisha.

Ile katriji ya sumaku ya gramu 2, hapana, si kwa mkono huo. Mkono unaosukuma kifyatuo unapata nguvu kutoka kwenye ukuta wa mfuo, na pia kutoka kwenye ule mvuto wa asili unaoivuta sindano kuelekea kati. Mvuto huo unakwenda na uzito. Kwa gramu 5 ni mara mbili na nusu ya ule wa gramu 2. Kifyatuo kilichoundwa kwa sindano nzito kitaishinda nyepesi hata kikiwa kisafi, na utarudi kwenye kurudia maneno. Halafu mota ya bei ya chini inamwaga usumaku, katriji ya sumaku itaudaka na kukuletea mvumo wa 50 Hz unaoongezeka mkono ukikaribia mota. Halafu kauri inatoa mamia ya milivolti, ya sumaku inatoa kama 5 tu, kwa hiyo utahitaji na kikuzaji chake. Nunua sindano mpya ya hiyo hiyo ya kauri. Peleka iliyopo dukani ilinganishwe umbo la kishikio, usiagize kwa kukisia.

---

Mara_33 (Musoma)

Naomba nidandie uzi. Mimi ni Dual. Mkono unanyanyuka vizuri, lakini hauendi ndani, unashuka pale pale kwenye kiti. Kifyatuo ni safi, njiti inapita.

---

Senene45 (Bukoba)

Hiyo si habari ya kifyatuo, mkuu. Chini ya mashine, kwenye ncha ya fimbo kuu inayousogeza mkono, kulikuwa na kimpira kidogo kilichovishwa kwenye pini. Ndicho kinachoushika mkono na kuusukuma wakati wa kuhama. Kinaoza na kudondoka, inabaki pini ya chuma inayoteleza bila kushika. Nenda kwa mziba pancha, omba kile kimpira chembamba cha valvu ya baiskeli. Kata milimita 3 au 4 kwa wembe, mkato uwe umenyooka, kivishe kwenye pini. Kikiwa kirefu sana kitaendelea kuugusa mkono muziki ukipigwa, na hapo ndipo utakapouharibu ufuatiliaji wa sindano uliokuwa mzima. Hakikisha kwa macho: mashine ikiwa imetulia mkono usiguswe na chochote. Baada ya hapo sindano inaweza kushuka nje kidogo au ndani kidogo ya ukingo wa santuri, kuna skrubu ya kurekebisha karibu na egemeo la mkono. Izungushe robo robo.

---

Mawe_Matatu

Nimefuta tena kwa kitambaa kikavu, sijapinda kitu. 45 sasa tisa kati ya kumi, na hiyo moja ni santuri ile ile kila mara. Springi nimeikaza: ya kwanza gramu 4.1, ya tatu gramu 5.0. "S" za santuri ya tatu ni safi.

Swali la mwisho. Mwendo wa sahani niupimeje bila kununua kifaa?

---

Pima_Maji

Chora au chapisha duara lenye mistari 180 iliyogawanyika sawasawa, kwa 33. Kwa 45 ni mistari 133. Liweke juu ya santuri, na sindano iwe inapiga ili mzigo uwe wa kweli. Mulika kwa balbu ya zamani ya waya au taa ya mrija yenye choki, kwa umeme wa gridi. Inverta nyingine haziko 50 kamili zitakudanganya, na balbu nyingi za LED hazipepesi. Mistari ikisimama, mwendo ni sahihi. Ikirudi nyuma, sahani iko polepole: anza na gurudumu la mpira, lisugue kidogo kwa msasa laini kuondoa ule mng'ao, futa kwa spiriti. Ikibaki vile vile na ni jioni umeme ukiwa umeshuka, subiri usiku upime tena kabla hujaigusa mota.

Na kwa atakayekuja kusoma uzi huu akiwa na chenja iliyotoka Marekani: transfoma ya kushusha volti haibadilishi hezi. Mota ya 60 Hz kwenye 50 itakupa mizunguko 27.8 badala ya 33, na hapo utabadilisha puli ya mota, uweke ile ya 50 Hz, au isipokuwepo fundi chuma akuchongee yenye kipenyo kikubwa zaidi kwa sehemu moja ya tano.